Fedha za kigeni si dhambi, ila fimbo ya mbali haiui nyoka

KUFUNGWA kwa Shirika la Marekani la Maendeleo ya Kimataifa (USAID) mnamo Julai 1, 2025 kulizungumzwa nchini zaidi kwa upande wa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi na chakula cha msaada. Hilo lilistahili, kwa kuwa mgonjwa anayekosa dawa huonekana na mtoto mwenye njaa hulia. Lakini ipo kazi nyingine iliyokatiwa fedha katika miezi hiyo hiyo na ambayo wachache waliiombolezea, nayo ni kazi ya kuwazuia watu wasiuane.

Kwa miaka mingi, mikutano ya upatanisho baina ya jamii za wafugaji, mafunzo ya vijana kuhusu amani, vipindi katika redio za mashinani na hata nauli za wazee wanaokwenda kuzungumza na majirani zao zimetegemea sana fedha zitokazo Washington, London, Stockholm na Brussels. Rais Donald Trump alipotia sahihi agizo la kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 mnamo Januari 20, 2025, mashirika mengi yaliyotegemea mfuko huo yalijikuta hayana la kufanya. Mwezi Machi mwaka huo, Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Marekani, Bw Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID ilikuwa imefutwa.

Uingereza nayo haikubaki nyuma. Februari 2025 ilitangaza kwamba ingepunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 kufikia mwaka 2027, ili kugharimia ulinzi. Kwa maneno mengine, sehemu ya fedha ambazo zingewafikia wapatanishi sasa inaelekezwa kwa majeshi.

Hali hiyo imeugeuza sura mzozo wa muda mrefu baina ya Serikali ya Kenya na mashirika ya kijamii. Swali ambalo limekuwa likiulizwa na wanasiasa ni nani anayewalipa wanaharakati. Swali lililo muhimu zaidi ni iwapo, mlipaji huyo akiondoka, kazi ya amani itabaki na mwenyewe, na wale wanaoifanya watawajibika kwa nani.

Uhasama wa tangu jadi

Uhasama baina ya serikali na mashirika haya haukuanza jana. Mwishoni mwa mwaka 2013, huku Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake William Ruto wakikabiliwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) jijini The Hague, serikali iliwasilisha Bungeni mswada wa marekebisho ambao ungezuia mashirika yasiyo ya kiserikali kupata zaidi ya asilimia 15 ya fedha zake kutoka nje ya nchi. Wabunge waliutupilia mbali mpango huo Desemba 4, 2013, baadhi yao wakijua fika kwamba zahanati na visima katika maeneo yao vilijengwa na fedha hizo hizo.

Aprili 2015, siku chache baada ya magaidi kuwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilizifunga akaunti za benki za mashirika mawili ya kutetea haki mjini Mombasa, Muhuri na Haki Africa, kwa madai ya kuhusishwa na ugaidi. Mahakama Kuu haikuona ushahidi wa madai hayo, na kabla ya mwaka kwisha iliamuru akaunti zifunguliwe. Lakini kwa miezi kadhaa mashirika yaliyokuwa yakizungumza na vijana wa Pwani waliokuwa katika hatari ya kuvutwa na Al-Shabaab hayakuwa na uwezo wa kulipa hata kodi ya ofisi.

Agosti 2017, mara tu baada ya uchaguzi mkuu, Bodi ya Kuratibu Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilitaka kuyafuta mashirika ya KHRC na AfriCOG, kabla ya Dkt Fred Matiang'i, aliyekuwa akisimamia Wizara ya Usalama wa Ndani, kusimamisha hatua hiyo kwa siku 90.

Kisa cha karibuni zaidi ni cha mwaka 2024. Baada ya vijana kuandamana kupinga Mswada wa Fedha na kuvamia Bunge Juni 25, na baada ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) kuhesabu makumi ya watu waliouawa, Rais Ruto alisimama katika Kaunti ya Nakuru Julai 15 na kuilaumu Wakfu wa Ford wa Marekani kwa kudhamini ghasia. Siku tatu baadaye, Katibu katika Wizara ya Mashauri ya Kigeni, Dkt Korir Sing'oei, aliiandikia taasisi hiyo akitaka maelezo kuhusu dola milioni 5.78 ambazo mashirika ya Kenya yalikuwa yamepokea. Wakfu wa Ford ulikanusha kudhamini maandamano.

Visa hivyo vina mfanano mmoja. Serikali haiulizi habari za fedha za kigeni wakati shirika linapochimba kisima au kugawa vyandarua. Huziuliza shirika linapohesabu maiti, linapokwenda mahakamani au linapotilia shaka matokeo ya uchaguzi. Kinachoisumbua basi ni kazi yenyewe, si chanzo cha fedha.

Nyani haoni kundule

Kinaya ni kwamba katika uwanja wa amani, serikali yenyewe imekuwa mnufaika mkubwa wa mfuko huo huo inaoulaani.

Fahari kubwa ya diplomasia ya Kenya katika karne hii ni Mkataba wa Amani wa Sudan, uliotiwa sahihi jijini Nairobi Januari 9, 2005. Jenerali Lazarus Sumbeiywo aliwaongoza wapatanishi kwa niaba ya nchi za IGAD, kutoka Itifaki ya Machakos ya Julai 2002 hadi vikao virefu vya Naivasha. Kazi hiyo ilikuwa ya Kiafrika kwa uongozi na kwa akili. Lakini Marekani, Uingereza, Norway na Italia zilikuwa nyuma yake kwa fedha, kwa wataalamu na kwa shinikizo la kisiasa. Hakuna aliyesema kwamba Jenerali Sumbeiywo alikuwa kibaraka wa wageni.

Ndivyo ilivyokuwa pia nchi ilipoteketea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu kufurushwa makwao. Jopo la Bw Kofi Annan, Rais mstaafu Benjamin Mkapa wa Tanzania na Bi Graça Machel liliungwa mkono na Umoja wa Mataifa na wafadhili wa nchi za Magharibi, na kituo kimoja cha upatanishi cha Geneva kikatoa wataalamu. Mkataba wa Februari 28, 2008 uliomfanya Bw Raila Odinga kuwa Waziri Mkuu katika serikali ya Rais Mwai Kibaki ulizaliwa katika mazingira hayo. Viongozi wengi walioketi mamlakani baadaye wana deni kwa upatanishi uliogharimiwa na wageni.

Hata mpango wa Uwiano, ulioundwa kabla ya kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010 na kuwawezesha wananchi kuripoti dalili za ghasia kwa ujumbe mfupi wa simu, uliikutanisha Tume ya Uwiano na Utangamano (NCIC), idara ya serikali inayoshughulikia amani, mtandao wa mashirika wa PeaceNet na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP). Kura hiyo ilipita kwa utulivu. Fedha za nje hazikuidhuru Katiba mpya.

Majirani nao

Wanaodhani kwamba dawa ni kuziba mfereji wa fedha za nje wana mifano ya kujifunza hapa karibu.

Ethiopia ilipitisha sheria mwaka 2009 iliyosema kwamba shirika linalopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje lisijihusishe na haki za binadamu, demokrasia wala usuluhishi wa migogoro. Mpango wa Kenya wa asilimia 15 ulikuwa ndugu wa sheria hiyo. Kwa muongo mmoja, mashirika ya Ethiopia yaliyokuwa na ujuzi wa kupatanisha yalififia au yakageukia kazi nyingine. Waziri Mkuu Abiy Ahmed aliibadilisha sheria hiyo mwaka 2019, lakini mti uliokatwa kwa siku moja hauoti kwa siku moja. Vita vilipozuka katika jimbo la Tigray Novemba 2020, sauti za ndani za upatanisho zilikuwa dhaifu. Mkataba wa kusitisha vita ulipatikana miaka miwili baadaye, Novemba 2, 2022, tena mjini Pretoria chini ya Umoja wa Afrika, Rais mstaafu Kenyatta akiwa mmoja wa wapatanishi. Haiwezi kudaiwa kwamba mashirika ya kijamii yangevizuia vita hivyo, lakini ni wazi kwamba nchi ilikuwa imejinyima moja ya nyenzo za kuvizuia.

Nchini Uganda, Rais Yoweri Museveni aliamuru mwanzoni mwa mwaka 2021 kusimamishwa kwa Mfuko wa Utawala wa Kidemokrasia (DGF), uliokuwa ukifadhiliwa na Umoja wa Ulaya na nchi kadhaa za Ulaya, akilalamika kwamba serikali yake haikuwa na sauti katika usimamizi wa fedha hizo. Amri hiyo iliondolewa Juni 2022, lakini mfuko ulifunga virago mwishoni mwa mwaka huo. Waliopoteza zaidi hawakuwa mabalozi wa Kampala. Ni wananchi wa kawaida waliokuwa wakipata msaada wa bure wa kisheria katika migogoro ya mashamba, ambayo ni chanzo kikubwa cha uhasama vijijini.

Lililoanzia sokoni Wajir

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kuitupia serikali lawama zote. Wanaharakati nao wana maswali ya kujibu, na jibu lake limo katika historia ya Wajir.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Wajir ilikuwa imetoka katika sheria za hali ya hatari zilizodumu tangu miaka ya sitini. Ukame ulikuwa umeua mifugo, na uhasama baina ya koo za Ajuran, Degodia na Ogaden ulikuwa umefika hadi sokoni, ambako mwanamke wa ukoo mmoja hakuweza kumuuzia wa ukoo mwingine maziwa. Ni hapo wanawake wachache, akiwemo Bi Dekha Ibrahim Abdi, walipoamua kwamba soko ni la wote. Waliunda kamati ya kuchunga soko, wakawa wanasikiliza malalamiko ya kila siku kabla hayajageuka damu, kisha wakawafuata wazee, vijana na viongozi wa dini. Septemba 1993, wazee wa koo hizo walifikia Azimio la Al-Fatah, lililoweka kanuni za namna ya kurudisha amani na kuilinda.

Hakuna mfadhili aliyewatuma. Msaada wa mashirika kama Oxfam ulikuja baadaye, wakati kazi ilikuwa tayari inatembea kwa miguu yake. Mwaka 1995 kamati ya amani iliingizwa katika muundo wa serikali wa maendeleo ya wilaya, ikiwa na wazee, wanawake, viongozi wa dini na maafisa wa usalama katika meza moja. Mfano huo ndio uliosambaa hadi ukawa kamati za amani za wilaya kote nchini. Bi Dekha alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, na alifariki Julai 2011 kufuatia ajali ya barabarani.

Roho hiyo hiyo ilionekana Desemba 31, 2007, siku moja baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa. Bi Dekha, Jenerali Sumbeiywo, Jenerali Daniel Opande, Balozi Bethuel Kiplagat na Bw George Wachira walianzisha kundi la raia waliojali amani, wakakutana jijini Nairobi huku barabara nyingi zikiwa zimefungwa. Hawakusubiri bajeti ipitishwe Ulaya. Walipiga simu kwa watu waliowajua.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Fedha zilivyozidi ndivyo amani ilivyogeuka kuwa mradi. Mfadhili hutangaza kiasi na masharti. Shirika kubwa la kimataifa huchukua kandarasi, likakata gharama zake. Shirika la Nairobi hupokea sehemu, nalo likakata zake. Kinachofika Kapedo, Garsen au Moyale ni masalio, na huja na tarehe ya mwisho. Katika kongamano la Istanbul la Mei 2016, wafadhili na mashirika makubwa ya misaada waliahidi kwamba kufikia mwaka 2020, robo ya fedha za misaada ya dharura ingewafikia wenyeji kwa njia ya moja kwa moja iwezekanavyo. Ahadi hiyo haikutimizwa.

Baya zaidi, mwenye fedha ndiye aliyeamua ugonjwa gani utibiwe. Baada ya shambulizi la Westgate la Septemba 2013, wafadhili walielekeza fedha nyingi katika vita dhidi ya itikadi kali. Mashirika ya Pwani na Kaskazini yaliyokuwa yakisuluhisha migogoro ya ardhi, malisho na maji yalijifunza upesi kuandika maombi kwa lugha hiyo mpya. Mgogoro wa malisho haukwisha. Ila ulikosa mfadhili.

Matokeo mengine ni ya utamaduni. Mzee ambaye zamani alikwenda kusuluhisha kwa sababu ni wajibu wake alizoeshwa marupurupu ya kikao. Mafanikio yakapimwa kwa idadi ya warsha na ya watu waliotia sahihi katika karatasi ya mahudhurio, badala ya ng'ombe waliorudishwa au usiku uliopita bila mlio wa risasi. Ripoti zikaandikwa kwa Kiingereza na kutumwa ng'ambo, huku mwanakijiji aliyetajwa ndani yake asipate kujua kilichosemwa kumhusu wala kiasi kilichotumika kwa jina lake.

Hapo ndipo wahenga wanapokumbukwa kwa usemi wao kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Wezi wa mifugo hawasubiri mwaka wa fedha wa Washington. Uvumi unaowasha moto kijijini huenea kwa saa chache, na anayeweza kuuzima ni mtu aliye karibu, anayeaminika pande zote mbili, na mwenye nauli mfukoni usiku huo.

Nani atalipa?

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanyika bila kusubiri hisani ya mtu.

La kwanza ni la serikali. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitiwa sahihi na Rais Kibaki Januari 2013, ikakaa kabatini kwa zaidi ya miaka 11 licha ya agizo la Mahakama Kuu la mwaka 2016, hadi ilipoanza kutumika Mei 14, 2024. Sheria hiyo inatambua kazi ya mashirika haya, inatoa nafasi ya misamaha ya kodi na inayataka yawasilishe hesabu zilizokaguliwa. Serikali yenye sheria kama hiyo haina haja ya kurusha tuhuma jukwaani. Ikiwa ina ushahidi wa fedha kutumiwa vibaya, iupeleke kwa mamlaka husika na mahakamani. Ikiwa haina, inyamaze.

Zaidi ya hayo, serikali igharimie amani kama inavyogharimia bunduki. Februari 2023 wanajeshi na polisi walipelekwa katika kaunti za Kaskazini mwa Bonde la Ufa kupambana na majangili. Bajeti ya operesheni haikosekani. Ya kamati za amani katika kaunti hizo hizo ndiyo huombwa kwa wafadhili. Kwa kuwa Katiba imeweka usalama mikononi mwa Serikali ya Kitaifa, kaunti nyingi hujitetea kwamba suala hilo haliwahusu, ilhali malisho, masoko na maji, ambayo ndiyo chimbuko la mapigano mengi, yako chini yao.

La pili ni la mashirika yenyewe. Anayeitaka serikali iweke hesabu zake wazi hana budi kuanza na zake. Orodha ya wafadhili, kiasi kilichopokewa na kilichotumika inafaa kubandikwa katika ofisi ya chifu, msikitini na kanisani, kwa lugha inayoeleweka na wenyeji, kabla haijatumwa kwa mfadhili. Shirika linalofanya hivyo haliwezi kuitwa kibaraka na mtu akaaminiwa, kwa sababu majirani watakuwa mashahidi wake.

La tatu ni la wananchi. Nchi iliyojenga shule kwa harambee, na ambayo Waislamu wake wana zaka na wakfu huku makanisa yakiwa na sadaka, haishindwi kulipia mafuta ya gari la wazee wa upatanisho. Fedha hizo zitakuwa ndogo. Udogo wake ndio salama yake, maana hakuna rais wa ng'ambo anayeweza kuzifuta kwa kalamu, na hakuna waziri wa nyumbani anayeweza kudai kwamba zimetoka kwa maadui.

Hayo hayamaanishi kwamba milango ifungwe kwa marafiki wa nje. Ziko kazi, kama vile kesi za haki za binadamu dhidi ya polisi, ambazo serikali haiwezi kutarajiwa kuzilipia na ambazo wananchi maskini hawaziwezi. Kwa kazi hizo fedha za nje zitaendelea kuhitajika, mradi zitangazwe wazi na mpokeaji abaki huru kusema "hapana" kwa yule anayetoa.

Uchaguzi mkuu umepangwa kufanyika Agosti 2027. Historia ya 1992, 1997 na 2007 inaonyesha kwamba ghasia za uchaguzi huandaliwa mapema, kwa maneno, kwa fedha na kwa chuki za ardhi. Kwa kawaida matayarisho ya kuzizuia huanza wakati huo huo kwa fedha za wafadhili, na fedha hizo zimepungua. Wabunge walioikataa asilimia 15 mwaka 2013 walikuwa sahihi. Wenzao wa sasa wana kazi ngumu zaidi, ambayo ni kutenga katika bajeti ya taifa fungu la kamati za amani, lenye kulindwa dhidi ya mikono ya wanasiasa, kabla kampeni hazijapamba moto.

Bunge likishindwa kufanya hivyo, kamati hizo zitakwenda katika uchaguzi huo zikiwa na majina na mihuri tu, na lawama za kitakachotokea hazitaweza kubebeshwa Wakfu wa Ford wala ubalozi wowote.